Majina ya kampuni kwenye njia panda na vituo vya barabarani: jibu la mtu wa mizigo kutoka Mtwara

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ni halali, na kama ni busara, njia panda ya kijijini kwenu kwenye barabara kuu ya Lindi na Mtwara ipewe jina la kampuni iliyofungua ghala pale miaka ya karibuni, na umeeleza kwamba kampuni yenyewe imejitolea kugharamia kibao. Waliotangulia kukujibu ni wawili: mmoja amesema jina la biashara kwenye barabara ya umma ni aibu, mwingine amesema anayelipa ndiye achague. Mimi nimekuwa mtu wa mabasi kwa miaka mingi, kwanza nikiwa konda katika njia ya Mtwara na Dar es Salaam, na sasa nasimamia ofisi ya kupokea na kusafirisha vifurushi hapa Mtwara mjini, kwa hiyo riziki yangu imetegemea majina ya vituo siku zote. Naomba niseme kwa urefu, kwa sababu naona majibu yote mawili yameliacha swali la msingi, yaani ni nani aliyelianzisha jina hilo na kwa faida ya nani.

Anayetoka kwetu huingia Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, na kabla hajafika katikati ya jiji amekwisha kupita Mbagala Zakhem, kituo chenye jina la kampuni ya ujenzi, na Mtoni kwa Aziz Ali, jina la mkandarasi wa zamani ambaye ni baba yake Dossa Aziz, mmoja wa waasisi wa TANU. Akiendelea na safari zake mjini atasikia Buguruni Sheli, yaani kwenye kituo cha mafuta, atasikia Urafiki kwenye barabara ya Morogoro, ambacho ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na atasikia Kawe kwenye viwanja vya Tanganyika Packers, ingawa kiwanda kile cha nyama ya kopo kilikwisha kusimama zamani na watu hukusanyika pale kwa mikutano ya dini na ya siasa. Majina hayo hayakutokana na mkataba wowote wala hayakununuliwa. Yalianza pale abiria alipomwambia konda, "nishushe kwenye sheli," na kesho yake mwingine akasema hivyo hivyo, mpaka ikawa ndilo jina.

Nikiwa konda nililiona jambo hili likitendeka mbele yangu. Kituo hakipati jina kwa sababu ya ukubwa wa mtu aliyejenga pale. Hulipata kutokana na kitu ambacho mgeni anaweza kukiona akiwa ndani ya gari linalokwenda, na hasa usiku. Katika sehemu nyingi za njia yetu, kwa miaka mingi, taa iliyowaka saa saba za usiku ilikuwa ya kituo cha mafuta peke yake, na abiria aliyelala tangu Nangurukuru aliamka akaangalia dirishani, akaiona taa ile, akajua kwamba kwao kumekaribia. Geti la kiwanda nalo lina nguvu hiyo hiyo, kwa kuwa watu wengi hushuka pale kwa wakati mmoja na kupanda kwa wakati mmoja, na dereva asiposimama atasikia kelele za gari zima. Kwa hiyo huyo ndugu anayesema ni aibu nadhani hajalitazama jambo kwa upande wa anayeshuka, ambaye shida yake ni kushuka mahali sahihi, na jina la biashara limemsaidia kufika.

Majina ya aina hii yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Daraja la juu pale Tazara lilizinduliwa 2018 likapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale, na makutano ya Ubungo yakapewa jina la Balozi John Kijazi yalipozinduliwa 2021. Wote wawili waliitumikia nchi na wanastahili heshima hiyo. Hata hivyo konda wa daladala bado huita Tazara, jina la reli na la mamlaka yake, na bado huita Ubungo, na sioni kwamba anawavunjia heshima marehemu hao. Jina la heshima linasomwa kwenye kibao, na jina la kushukia linatamkwa mlangoni mwa gari, na yote mawili yanaishi pamoja bila kugombana.

Huku kwetu kusini hali ni tofauti kidogo, na nadhani hapo ndipo swali lako linapopata uzito. Njia panda zetu kubwa hazina majina ya biashara. Anayekwenda Kilwa Masoko anakata kona Nangurukuru, na anayekwenda Masasi anaiacha barabara ya Mtwara pale Mnazi Mmoja, Mingoyo. Barabara zilipopita maeneo hayo hapakuwa na kiwanda wala ghala la kuzidi umaarufu wa kijiji au mti. Pale biashara kubwa ilipotangulia, jina lake lilibaki. Mfano ulio wazi ni Nachingwea, ambako mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa kusimamiwa na United Africa Company kisha ukahamishiwa kwa shirika la serikali yao, ulifeka misitu na kugawa mashamba kwa namba. Mpango ule ulivunjwa 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini Farm 17 ikaendelea kuitwa Farm 17, ikawa kambi ya FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na mpaka leo mtu wa Nachingwea ukimtajia jina hilo hahitaji maelezo zaidi. Wenye shamba waliondoka, wenyeji wakabaki na jina, wakalijaza historia yao wenyewe.

Sasa tazama Dangote. Kiwanda kile cha saruji kilizinduliwa 2015 katika kijiji cha Hiari, kikiwa na uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka, na tangu hapo madereva wa malori kutoka kila pembe ya nchi husema wanakwenda Dangote, wanapakia Dangote, wamelala Dangote. Silaumu, kwa sababu dereva anataja anapopakia. Ninachokiogopa ni kitu kingine: nimekwisha kupokea vifurushi vya familia za pale vilivyoandikwa jina la kiwanda tu, bila neno Hiari popote, utadhani mwenye kifurushi ni mfanyakazi anayeishi ndani ya geti, kumbe ni bibi wa kijijini ambaye amekaa pale tangu kabla saruji haijafikiriwa. Jina la kampuni linapotaja geti linasaidia, lakini likianza kumeza jina la kijiji, watu wa kijiji wanapotea kwenye anwani ya nchi yao. Hilo ndilo jambo ambalo kijiji chenu kinapaswa kulilinda kabla ya lingine lolote.

Niseme pia nililoliona mtaani kwangu. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na mitaa ikatakiwa kutaja majina ya barabara zake ili vibao visimikwe, nyumba zipewe namba na taarifa ziingizwe katika NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani. Kwetu kuna njia inayotoka kwenye lami kuingia makazini, na watu wote huiita Mashineni kwa ajili ya mashine ya kusaga iliyokuwa pembeni yake. Mashine yenyewe iling'olewa zamani. Palipokuwa na banda pamebaki kipande cha sakafu ya saruji chenye boliti nne zilizoliwa na kutu, zile zilizoshikilia injini. Mwenye nyumba ya wageni jirani na hapo alikuja mkutanoni akaahidi kulipia nguzo na vibao vya mtaa mzima, mradi njia hiyo ichukue jina la nyumba yake. Ilikuwa ahadi ya maana, maana mtaa haukuwa na fedha, na mwenyekiti alielekea kukubali. Ndipo bibi mmoja alipoomba nafasi akauliza, "Mwenyekiti, akija kuiuza nyumba yake, barabara yetu itakwenda pamoja na hati?" Mjadala ulikuwa mrefu, wengine wakisema mashine nayo ilikuwa biashara ya mtu, kwa hiyo hakuna tofauti. Lakini tofauti ipo, na mkutano uliiona: mwenye mashine hakuwahi kuomba jina, na sisi tuliendelea kulitumia hata alipoondoka. Njia ikaandikwa Mashineni, na mwenye nyumba ya wageni akaweka tangazo lake kwenye ukuta wake.

Hofu ya bibi yule si ya kinadharia, kwa sababu ofisini kwangu imetokea. Kituo kimoja katika njia yetu kilijulikana kwa jina la nyumba ya kulala wageni, ikauzwa, na mwenye kuinunua akabadilisha jina, akapaka rangi mpya, akawaomba makonda waanze kuita jina lake. Makonda wapya walikubali, wa zamani wakaendelea na la zamani. Hapo katikati tulipata viroba vya ming'oko, yaani viazi pori vya kwetu, na maboksi ya samaki wakavu yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina ambalo utingo hajawahi kulisikia, mzigo ukapitilizwa mpaka mwisho wa safari, na samaki hawasubiri. Mpaka leo, karani wangu anapoandika risiti humuuliza mteja maswali mawili: kituo kinaitwaje, na kijiji au mtaa ni upi. Jibu la pili ndilo linalotuokoa la kwanza likibadilika.

Wenzetu duniani wamepita njia hizi zote, na inafaa tujifunze kwao. Nairobi, barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022 ina sehemu za kutokea zinazoitwa Capital Centre na The Mall, ambayo ni majengo ya maduka, na katika barabara ya Thika makutano ya Allsops bado yanabeba jina la kiwanda cha bia ambacho hakipo tena. London kuna Staples Corner, makutano yaliyopata jina kwa kiwanda cha magodoro, na Gillette Corner, palipokuwa na kiwanda cha nyembe. Hayo yalikaa kwa sababu wapita njia waliyakubali. Dubai walichukua njia nyingine: reli yao ya mjini ilipofunguliwa 2009, haki ya majina ya baadhi ya vituo iliuzwa kwa kampuni. Kituo kimoja kikaitwa First Gulf Bank. Benki hiyo ilipoungana na nyingine, jina lake likapotea sokoni, na baadaye kituo kikapewa jina la Umm Al Sheif, ambalo ni la eneo lenyewe, kisha haki ya jina ikauzwa tena kwa kampuni nyingine, Equiti. Kama mji wenye fedha namna ile umebadilisha jina la kituo kimoja mara kwa mara, kijiji chenye kibao kimoja kinapaswa kufikiri mara mbili kabla ya kuliacha jina la mahali.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kwa suala lenu mahususi mimi ningefanya hivi. Kwanza, kabla ya mkutano, kaa pale njia panda siku chache usikilize makonda na bodaboda wanapaitaje sasa. Ikiwa tayari wanapaita kwa jina la ghala, msiwapinge, maana mtashindwa. Ikiwa bado wanapaita kwa jina la kijiji, hakuna sababu ya kulibadilisha ili kuifurahisha kampuni. Pili, tofautisheni kibao cha kuelekeza na tangazo. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, na hifadhi yake kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa hiyo hata kama kampuni inalipa, haiwezi kusimika nguzo pale bila kibali, na kijiji hakina uwezo wa kuipa kibali hicho. Barabara ya kuingia kijijini huenda iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ulizeni halmashauri kabla hamjachimba shimo.

Tatu, msaada wa kampuni upokeeni kwa shukrani, lakini uandikwe kwenye muhtasari kama mchango, bila sharti la jina. Kibao cha njia panda kiandikwe jina la kijiji kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, mshale wa kuelekea ghalani, kwa sababu msimu wa korosho malori ni mengi na dereva mgeni anahitaji kujua pa kukata kona. Kampuni ikihama, mstari wa chini utapakwa rangi na ule wa juu hautaguswa. Kampuni ikikataa mpangilio huo, mtakuwa mmejua ilichokuwa inakinunua, na gharama ya nguzo mbili na bati moja si kitu ambacho kijiji chenye chama cha msingi cha korosho kinashindwa kuchangishana.

Mkutano ukishapita, tafadhali rudi uandike hapa jina lililopitishwa, nami nitawaeleza makarani na makonda wa njia yetu walitumie kwenye risiti kuanzia wiki hiyo.