Muulize Fundi: Funguo za mandolini ya babu

SWALI: Fundi, shikamoo. Babu mzaa mama ameniachia mandolini ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo kama nusu ya boga. Ukichungulia tunduni unaona karatasi imeandikwa Catania. Ina funguo nane za kukazia nyuzi, nne kila upande, na kila nne zimefungwa kwenye bamba moja la shaba. Upande wa kushoto gia mbili hazishiki, na kishikio kimoja kimevunjika. Nimeizunguka Kariakoo yote, kila duka naoneshwa funguo za gitaa. Fundi mmoja ameniambia atatoboa kichwa upya aweke hizo za gitaa, kazi ya siku moja. Nimpe?
Mjukuu, Magomeni Mapipa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe. Na kama umeshamwachia, kaichukue leo kabla umeme haujarudi akaanza kutoboa.

Kichwa cha mandolini ya aina hiyo ni kipande chembamba cha mbao kilichotobolewa matundu manane yaliyokaribiana. Ufunguo wa gitaa ni mnene na una masikio yake ya skrubu. Ili ukae hapo lazima tundu lipanuliwe, na ukishapanua manane, kilichobaki katikati ni kama biskuti. Nimeletewa vichwa viwili vya namna hiyo vimepasuka kutoka tundu hadi tundu. Kimoja niliweza kukiunga.

Kabla ya kufikiria kununua chochote, legeza nyuzi zote nane, kidogo kidogo kwa zamu, kisha fungua lile bamba. Zile skrubu ndogo ziweke kwenye kifuniko cha chupa, na usizitupe hata zikiwa na kutu, maana za saizi ile hutazipata dukani. Sasa zungusha kishikio huku unaangalia. Gia ikizunguka na kigingi cha kuviringishia uzi kimesimama, tatizo ni skrubu ya katikati ya gia, imelegea. Lakini kijiti cha skrubu, kile kinachozungushwa na kishikio ili kiisukume gia, kikizunguka na gia haisogei, basi meno yameliwa, au bamba limepinda na kuviachanisha viwili hivyo.

Hilo la kwanza ndilo ninalokutana nalo mara nyingi, na dawa yake haiko kwenye duka la muziki. Iko kwa fundi saa. Wale wazee wanaokaa barazani na meza ya kioo wana bisibisi nyembamba zinazoingia kwenye mfereji wa skrubu ile bila kuuharibu. Wa kwangu alikaza gia tatu huku tunazungumzia Simba na Yanga, akanitoza elfu tano, akaongeza tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila gia. Tone moja tu. Ukimwagia, mafuta yataingia kwenye mbao, na hapo skrubu za bamba hazitashika tena. Bamba likiwa limepinda, lilaze juu ya kipande cha mbao ngumu uligonge kwa nyundo ya mpira, taratibu.

Kishikio kilichovunjika kisikutie wasiwasi. Vingi vya zamani ni vya mfupa au seluloidi, na seluloidi ikizeeka hupasukapasuka yenyewe hata kama hakuna aliyeigusa. Mimi nachukua mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka machinjio ya Vingunguti, nauchemsha na sabuni mafuta yatoke, nauanika siku kadhaa, kisha nauchonga kwa tupa nikiangalia kile kizima cha jirani yake. Mpingo pia unafaa, ila utaonekana kama jino jeusi katikati ya meupe.

Sasa tuseme meno yameliwa kweli. Mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani watakukerezea kigingi, au bushi (kile kipete cha tunduni kinachopitisha kigingi), vizuri tu, lakini gia yenye meno madogo kiasi kile sijaona ikatoka sawa. Hapo ndipo utaagiza nje, na hapo ndipo mimi mwenyewe niliungua.

Niliagiza seti ya bamba mbili kwa ajili ya mandolini ya mteja wa Upanga. Picha ilifanana kabisa. Nikasubiri wiki sita, nikalipa ushuru, nikafungua boksi mbele ya mteja kwa mbwembwe. Kigingi cha kwanza kikaingia, cha pili kikaingia kwa kubana, cha tatu kikagoma. Seti mpya ilikuwa na milimita 23 kutoka kigingi hadi kigingi, na matundu ya ile mandolini yalikuwa na milimita 23 na nusu. Nusu milimita unaidharau, lakini kutoka kigingi cha kwanza hadi cha nne kuna nafasi tatu, kwa hiyo mwishoni umepotea milimita moja na nusu. Mteja alinitazama tu. Heri angetukana.

Kwa hiyo pima hivi. Usitafute katikati ya kigingi, jicho litakudanganya. Weka rula ya milimita kwenye ukingo wa kushoto wa kigingi cha kwanza, soma mpaka ukingo wa kushoto wa kigingi cha nne, halafu gawa kwa tatu. Ukipata 69, kila nafasi ni 23, na hicho ndicho kipimo cha funguo nyingi za siku hizi. Pima na unene wa kigingi, na urefu wake kutoka kwenye bamba.

Kisha angalia kijiti cha skrubu kiko upande gani wa gia, upande wa tumbo la mandolini au upande wa ncha ya kichwa. Uzi ukikazwa unavuta kigingi kuelekea tumboni. Kijiti kikiwa upande huo, gia inasukumwa iumane nacho. Kikiwa upande wa ncha, gia inavutwa iachane nacho, na hizo ndizo zinazowahi kulegea. Ukinunua seti ya mpangilio tofauti si dhambi, ila vishikio vitahama mahali pake na utakaza kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea.

Ukitafuta mtandaoni, andika kwa Kiitaliano: meccaniche per mandolino. Utaletewa vitu tofauti kabisa na ukiandika vinginevyo, maana mandolini za mgongo huu ni za kwao. Wajerumani nao wanatengeneza, kampuni ya Rubner ikiwemo. Mtumie muuzaji vipimo vyako, na usitume picha peke yake.

Na ile seti yangu iliyogoma? Niliikata. Kwa msumeno wa chuma niligawa kila bamba vipande vinne, kila ufunguo na kipande chake, nikatoboa vitundu vipya vya skrubu. Matundu ya zamani ya skrubu kwenye mbao niliyaziba kwa vijiti vya meno na gundi ya seremala. Si kazi ya kuonesha maonesho, lakini mteja anapiga mpaka leo.

Ukimaliza, usiweke nyuzi nzito. Nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa mandolini ya Kimarekani yenye mgongo bapa, na hiyo ya babu itakunja shingo. Uzi wa juu kabisa uwe wa inchi 0.009 au 0.010, wenye kitanzi mwishoni.

SWALI: Fundi, vigingi vya fidla yangu vya mbao vinakwama kabisa wakati wa masika, kiangazi vinateleza. Ni vibovu?
Mpiga fidla, Ilala

JIBU: Ni vizima, ndugu yangu. Mbao inanyonya unyevu inavimba, inakauka inasinyaa. Chomoa kigingi kimoja kimoja, kamwe usichomoe vyote kwa pamoja, maana kile kijiti kilichosimama ndani ya tumbo la fidla, kinachoshikiliwa na mkazo wa nyuzi, kinaweza kuanguka. Kikikwama, pakaa sabuni kavu ya mche pale panapong'aa. Kikiteleza, pakaa chaki ya ubaoni. Ukizidisha kimoja, kingine ndicho cha kurekebishia.