Draymond kumpita Curry kwenye plasi-mainasi: namba hii inapima nini hasa?

Mkuu mtoa mada, umeuliza inakuwaje Draymond Green mwenye wastani wa pointi 14 kwa mechi ampite mwenzake Stephen Curry mwenye 30.1 kwenye plasi-mainasi, msimu wa 2015-16 ambao timu yao ya kikapu ya NBA, Golden State Warriors, ilishinda mechi 73. Mimi ndiye ninayeshika daftari la takwimu la timu yetu ya mtaani hapa Dar, na ubishi wa aina hii nausikia kila wikiendi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Plasi-mainasi haiulizi nani kafunga, inahesabu tofauti ya pointi za timu wakati wewe uko uwanjani. Ukiingia timu inaongoza kwa 4 ukatoka inaongoza kwa 11, unaandikiwa +7 hata kama hukurusha mpira. Hapo ndipo Draymond anapovuna. Curry akivamiwa na walinzi wawili kwenye skrini (mwenzake anaposimama kumzibia mlinzi njia), mpira unamfikia Draymond karibu na mstari wa mitupo huru, na ghafla ni wanne dhidi ya watatu. Anampa mtu wa kona, naye anaongeza pasi, kikapu kinaingia. Asisti, yaani pasi ya mwisho kabla ya kikapu, inaenda kwa mwingine. Kwenye kukaba ndiyo kabisa: anabadilishana wa kumkaba kuanzia pointi gadi (mchezeshaji) hadi senta (mrefu wa chini ya kikapu), na karatasi ya takwimu haina safu ya mpinzani aliyeghairi kurusha.

Ila usikimbilie kusema alimzidi Curry. Walikuwa uwanjani pamoja muda mwingi mno, na namba ghafi inawagawia wote sifa ileile. Kwenye timu yetu kuna kijana anayeingia karibu kila mara na mchezeshaji wetu mkuu, ana plasi ya kuvutia. Mchezeshaji akikosekana, plasi hiyo inayeyuka.

Ndiyo maana kuna plasi-mainasi iliyorekebishwa. Kila kipande cha mchezo ambacho watu 10 uwanjani hawajabadilika kinakuwa mlinganyo mmoja. Kompyuta inachukua maelfu ya vipande hivyo na kutafuta thamani ya kila mtu baada ya kuondoa mchango wa wenzake na ubora wa wapinzani. Wanaocheza pamoja daima bado wanaisumbua hesabu, hivyo toleo lake liitwalo RAPM linavuta kila namba kuelekea sifuri hadi ushahidi uwe mwingi. Binafsi siiamini kwa msimu mmoja, nataka miwili au mitatu.

Kwa Curry mwenyewe, kupima ufanisi wake wa kufunga, gawanya pointi zake 30.1 kwa mara mbili ya jumla hii: mitupo 20.2 kwa mechi, ongeza 0.44 mara mitupo huru 5.1. Unapata kama asilimia 67, kiwango cha ajabu kwa mtu anayerusha kutoka mbali hivyo. Na walinzi wawili waliomwachia Draymond nafasi walimfuata Curry kwa sababu hiyo. Kwangu mimi Curry alichangia zaidi.

Ukitaka kuanza kwenye timu yako, usihangaike na fomula kwanza. Kila badiliko likifanyika, andika matokeo ya wakati huo na majina ya wote 10 waliomo uwanjani, wa kwenu na wa wapinzani.