Akiba ipo, mbona masafa ya gridi yanaporomoka?

Swali: Mimi ni mhandisi mhitimu, ninatafiti uunganishaji wa nishati jadidifu kwenye gridi. Katika majaribio yangu ya kompyuta, nikibadilisha nusu ya jenereta za mvuke kwa mitambo ya jua, masafa (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, yaani Hz) hushuka kwa kasi zaidi mtambo mmoja unapozimika, ingawa akiba ya umeme inatosha. Je, niongeze betri?

Jibu: Ndugu mhandisi, akiba yako haina upungufu, ila inachelewa kufika. Katika sekunde ya kwanza pengo huzibwa na nishati ya mwendo iliyomo katika rota zinazozunguka sambamba na gridi, yaani inesha, ambayo mitambo ya jua, kwa kuwa imeunganishwa kupitia inveta (kifaa cha kielektroniki kinachogeuza umeme wa mkondo mnyoofu kuwa wa mkondo geu), haina.

Chukua gridi ya Hz 50 ambayo, baada ya kupoteza megawati 100, imebakiwa na jenereta zenye uwezo wa MVA 1,000 (megavolti-ampea) na kigezo cha inesha cha sekunde 5, yaani nishati ya mwendo wake ingetosha kutoa uwezo huo wote kwa sekunde 5. Masafa yataanza kushuka kwa Hz 0.5 kila sekunde. Ukipunguza jenereta hizo kwa nusu, yatashuka kwa Hz 1. Ikiwa rilei (swichi za ulinzi zinazojiendesha) za kukata wateja zimepangwa kwenye Hz 49, umebakiwa na takriban sekunde moja, ilhali vali za mvuke huhitaji sekunde kadhaa kuongeza nguvu ya kutosha. (Hakikisha pia umeiondoa inesha ya mtambo uliozimika, wengi husahau.)

Betri itasaidia, lakini kwa maoni yangu udhibiti wa inveta yake una uzito kuliko ukubwa wake. Inveta inayofuata gridi hupima masafa kwanza ndipo ichukue hatua, wakati inayounda gridi hushikilia volteji yake yenyewe, hivyo nguvu hutoka papo hapo, mradi isizidi kikomo chake cha mkondo, ambacho ni kidogo mno kikilinganishwa na kile jenereta inachomudu kwa muda mfupi.

Usipuuze mipangilio ya ulinzi. Tarehe 28 Septemba 2016, jimbo zima la Australia Kusini lilikosa umeme baada ya dhoruba kuangusha nguzo za njia kuu. Mashamba kadhaa ya upepo yalipunguza uzalishaji ghafla kwa sababu mipangilio yake iliruhusu idadi maalumu tu ya mishuko ya volteji mfululizo, na njia ya kuunganisha jimbo jirani ikazidiwa na kukatika. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza betri, rudia jaribio lako ukiweka hitilafu kadhaa zinazofuatana kwenye njia za umeme, badala ya kuzima mtambo mmoja peke yake.