Kukosekana kwa /dev/dsp si ugonjwa

Swali: Laptopu yangu ya Intel ina Debian 12 (aina ya Linux) na GNOME (mazingira ya eneo-kazi), haitoi sauti. Maelekezo niliyoyapata yanataka niandike `chmod 777 /dev/dsp`, yaani nimpe kila mtumiaji ruhusa zote juu ya faili hilo, lakini halipo. Fundi anasema niondoe PulseAudio, programu inayosimamia sauti, niweke OSS. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize. GNOME ya Debian 12 inatumia PipeWire, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa hiyo huenda anataka kung'oa kisichokuwepo. Na `/dev/dsp` haitakiwi kuwepo.

Faili hilo ni la OSS, mfumo wa zamani wa sauti wa Linux, uliotokana na dreva ya Sound Blaster aliyoanza kuiandika Hannu Savolainen wa Finland mwaka 1992. Programu iliifungua `/dev/dsp`, ikaandika sampuli za sauti humo, kadi ikapiga. Ubaya wake ni kwamba kadi isiyoweza kuchanganya sauti yenyewe ilishikwa na programu moja tu; ya pili iliambiwa kifaa kinatumika. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela akaanzisha ALSA, mfumo mwingine wa dreva za sauti, chimbuko lake likiwa dreva ya Gravis Ultrasound. Tangu kerneli (kiini cha Linux) 2.6 ya Desemba 2003, ALSA ndiyo rasmi, na vifaa vyake vimo `/dev/snd`.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba ALSA, PulseAudio na PipeWire ni washindani, ukimfukuza mmoja sauti inarudi. Ni ghorofa. ALSA iko chini na ndiyo inayozungumza na kadi. PipeWire iko juu, inachanganya sauti za programu zote. Chini kukiwa na hitilafu, kubomoa juu hakusaidii. Hata `snd-pcm-oss`, moduli inayoirudisha `/dev/dsp`, inapitia ALSA ileile.

Anza chini. `cat /proc/asound/cards` ikisema hakuna kadi, tazama ujumbe wa kerneli kwa `sudo dmesg | grep -iE 'snd|sof'`. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni hulalamika hapo kwamba fimuwea (programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe) haipo: weka pakeji ya `firmware-sof-signed` kutoka non-free-firmware, sehemu ya hazina ya pakeji za Debian, kisha uwashe upya. Kadi ikionekana, fungua `alsamixer`, chagua kadi kwa F6. Penye MM pamenyamazishwa, bonyeza M hadi pasome OO. Sauti bado? Fungua `pavucontrol` uone inakopelekwa. Mara nyingi inakwenda HDMI, ambako hakuna spika.

Nayo `chmod 777` inayopendekezwa kwa kila tatizo: `/dev` hujengwa upya kila kompyuta inapowaka, kwa hiyo ruhusa hiyo hufutika. Kabla haijafutika, ukiwa umeielekeza kwenye vifaa vilivyomo `/dev/snd`, mtumiaji yeyote wa kompyuta hiyo anaweza kurekodi kupitia maikrofoni yako. Maelekezo yoyote yanayotaja `/dev/dsp` bila kutaja ALSA yatilie shaka. Ukiambiwa uondoe kitu, tanguliza `apt -s remove` ikifuatwa na jina la pakeji. Haiondoi chochote, inaorodhesha tu. Ukiiona `gnome-core`, pakeji inayobeba GNOME yenyewe, kwenye orodha hiyo, ishia hapo.