Bitiruti, unga wa lishe na usingizi wa bodaboda: majibu ya maswali yenu

Shikamoo mtaalamu. Nina mimba ya miezi sita na kliniki wameniambia damu yangu ni 9.2. Vile vidonge nimeviacha, vinanifunga choo na kunitia kichefuchefu. Sasa natumia juisi ya bitiruti kila siku. Damu itapanda? Na udongo nakula kidogo. — Mjamzito, Tabata

Marahaba. Kwa juisi peke yake haitapanda ya kutosha, na muda ulionao ni mfupi. Wekundu wa bitiruti ni rangi tu. Gramu 100 zake hazifikishi kwa kawaida hata miligramu moja ya madini ya chuma, wakati kidonge kimoja cha kliniki huwa na kama miligramu 60. Mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu wa damu, akishuka chini ya 7 yuko hatarini kweli. Wewe una 9.2 na umebakiza miezi mitatu kufika leba, mahali ambapo kila mama hupoteza damu.

Rudi kwenye vidonge leo. Meza usiku baada ya kula, ukiwa unakwenda kulala, kichefuchefu kitapungua. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na mboga za majani. Kikiwa cheusi usiogope, ni vidonge hivyo hivyo. Ukishindwa kabisa rudi kliniki useme, wakubadilishie. Kuacha kimyakimya ndiko kunakotuletea akina mama wanaoongezewa damu usiku wa manane huku ndugu wanahangaika kutafuta wachangiaji.

Halafu chai, na hapa sitachoka kusema. Kikombe cha chai kinachosindikiza chakula, ya rangi au ya maziwa, kinazuia sehemu kubwa ya chuma kisiingie mwilini, hasa kile cha kwenye maharage na mboga. Kidonge meza kwa maji, chai isubiri saa moja au mbili. Kamulia ndimu kwenye maharage au kula chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Dagaa kula mara nyingi uwezavyo. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, maana vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Udongo acha. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukinasa chuma tumboni. Unaweza pia kubeba mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Mwambie muuguzi bila aibu, na umuulize dawa ya minyoo. Minyoo ya safura hunyonya damu.

Maji ya moto na ndimu asubuhi yanayeyusha kitambi? — Wasomaji kadhaa

Hapana. Nimelijibu mara nyingi na linarudi vilevile, bila hata mmoja kuniambia anakunywa soda ngapi kwa siku. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke takriban vijiko kumi na viwili kwa siku, na afadhali abaki kwenye sita. Anzeni hapo kabla ya kuniuliza habari za ndimu. Na zile "chai za kupunguza uzito" zinazouzwa mitandaoni, nyingi zina majani ya kuharisha. Kinachopungua ni maji, na mafuta ya tumbo yanabaki pale pale.

Mwanangu ana miezi minane. Nampa uji wa lishe wa mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga, lakini kadi inaonyesha uzito hauongezeki. Niongeze nafaka gani? — Mama, Morogoro

Usiongeze, punguza. Mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano kazi yao kubwa ni moja, kutia nguvu. Ukizichanganya zote tano, mtoto anapata wanga juu ya wanga. Anachokosa ni nyama, samaki, yai, jamii ya kunde, mboga na mafuta kidogo, na hivyo vinataka bakuli lenye chakula halisi.

Kisha huo mchanganyiko una hatari zake. Soya isiyoiva vizuri inazuia protini kusagika tumboni, na uji wa dakika chache hauiivishi. Karanga zikisagwa na kukaa wiki kadhaa kwenye ndoo huharibika mafuta yake. Tena karanga na mahindi ndiyo makazi makubwa ya sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na moto wa jikoni hauiondoi. Chambua kwa mkono punje moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu tupa, hata kuku usimpe.

Fanya hivi: nafaka moja, ulezi au dona. Pika uwe mzito, ukiinua kijiko ukae juu yake usichuruzike kama maji. Tia kijiko cha mafuta au maziwa, au dagaa waliosagwa laini. Mchana ponda kiazi au ndizi na maharage yaliyochujwa maganda, tia mchicha na yai. Endelea kunyonyesha. Uzito ukisimama tena mwezi ujao usiniandikie mimi, mpeleke hospitali aangaliwe, kwa kuwa maambukizi nayo humzuia mtoto kukua.

Naendesha bodaboda hadi saa saba usiku. Nakunywa kinywaji cha kuongeza nguvu makopo mawili au matatu, nikifika nyumbani usingizi hauji, asubuhi nina hasira na kila mtu. Nitumie nini nilale? — Mbagala

Ndugu yangu, jibu umeshaliandika mwenyewe. Kafeini ya kopo la saa tano usiku, karibu nusu yake bado iko mwilini alfajiri. La mwisho liwe saa tisa mchana, na liwe moja tu. Kula ugali na maharage kabla ya zamu ya usiku, maana uchovu mwingine ni njaa. Usijaribu pombe ili ulale. Inakuangusha haraka, halafu inakuamsha usiku na usingizi unakuwa wa vipande vipande. Hasira uliyonayo ni ya mtu asiyelala, na umebeba abiria. Moyo ukikimbia au kifua kikibana, nenda hospitali.

Karanga mbichi zinaongeza nguvu za kiume?

Hapana. Nenda kapime sukari na presha, mara nyingi ndiko tatizo linakoanzia, na achana na unga wa wauza dawa wa barabarani.

Kaka yangu alipoteza kazi. Miezi miwili sasa hatoki ndani, hali, hataki kuongea, anasema yeye ni mzigo. Kuna chakula cha kumrudisha katika hali yake? — Dada, Mwanza

Pole sana, dada. Hiyo ina sura ya sonona, na ni ugonjwa, si uvivu wala kurogwa. Chakula kinasaidia. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa wa sonona waliosaidiwa kubadili mlo kwa wiki 12: mboga, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa. Karibu theluthi moja walipata nafuu kubwa, na katika kundi jingine, lililopewa mtu wa kuzungumza naye bila kubadilishiwa mlo, ni asilimia 8 tu. Lakini utafiti ulikuwa mdogo, na wengi wao walikuwa pia kwenye matibabu. Kwa hiyo mpikie samaki na mboga, kaa naye akila, mtoe jioni mtembee nusu saa, na bado umpeleke hospitali ya wilaya.

Neno "mzigo" ndilo lililonishtua. Muulize waziwazi, leo, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo. Akikubali asiachwe peke yake, sumu ya panya na dawa za shamba ziondoke nyumbani, na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nina presha. Nimeacha chumvi kabisa, natumia viungo vya paketi tu. Nimefanya vizuri?

Chumvi hujaiacha. Kiwango cha siku ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na soseji. Geuza paketi usome mchanganyiko, mara nyingi utakuta chumvi imetajwa ya kwanza. Tumia tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili, na dawa zako usiziruke.