Wazazi wazima, mtoto ana selimundu: inakuwaje?

Mdogo wangu, umeuliza inakuwaje wazazi wasioumwa wapate mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu), na kama wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Hilo la pili ndilo huwaangusha wengi kwenye mtihani.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), moja ya baba, moja ya mama. Nakala ya kawaida tunaiita A, ya selimundu tunaiita S. Mwenye moja ya kila aina, yaani AS, kwa kawaida haumwi, maana A inamtosha. Lakini S anayo na anaweza kuirithisha. Wazazi wako wazima wote wawili ni AS. Chora jedwali la Punnett, la kuonyesha watoto wanaowezekana: juu weka A na S za baba, pembeni A na S za mama, ujaze vyumba vinne. Utapata AA, AS, AS na SS. Huyo SS ndiye anayeumwa: uwezekano ni 1/4.

Sasa, robo hiyo inaanza upya kila mimba inapotungwa. Yai na mbegu havijui nani alizaliwa kabla. Familia moja inaweza kupata SS wawili mfululizo, nyingine isipate hata mmoja. Kwenye jibu lako andika "kwa kila mtoto", usiiache.

Ukiulizwa kwa nini S haijapotea, taja malaria: mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wa hilo mwaka 1954, na hata leo S ni nyingi Kanda ya Ziwa na pwani, kwenye mbu wengi.