Nikipiga chafya, mkojo unanitoka

Shangazi, nina miaka 29 na mtoto wangu wa pili ana miezi minne. Nikikohoa, nikicheka au nikiinua ndoo, mkojo unanitoka. Nimeacha kwenda kwenye kikoba, na nikitoka nabeba kanga ya akiba kwenye mkoba. Mama mkwe ananikaza tumbo kwa kanga, anasema ndiyo dawa. Nitapona kweli?
Mama wa Wawili, Tanga

Pole, mwanangu. Hiyo kanga ya mkobani imeniuma, maana wanaoibeba ni wengi na hawaambiani.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda, kuanzia mfupa wa kinena hadi kifandugu. Ndiyo inayobeba kibofu na kizazi. Mimba huilemea, kuzaa huivuta, nayo hulegea. Kamba zikilegea hukazwa upya.

Lala chali, magoti juu. Kaza kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, ukivuta kwa ndani na kwenda juu. Makalio na mapaja yatulie, pumzi usiibane. Hesabu hadi tano, baada ya wiki chache hadi kumi, kisha achia kabisa. Kuachia nako ni sehemu ya zoezi. Rudia mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku, hata ukiwa unanyonyesha. Usifanye wakati unakojoa. Wengi hukata tamaa wiki ya pili. Wewe nenda miezi mitatu bila kuacha. Chafya ikikujia, au ukishika ndoo, kaza kwanza.

Mama mkwe anakutakia mema, usigombane naye. Ila kanga hushikilia tumbo tu, haitii misuli nguvu, na ikibana mno mzigo wote husukumwa chini. Mwombe ailegeze. Maji usijinyime, utapata choo kigumu, na kujikamua chooni kunaiumiza misuli hiyohiyo.

Mkojo ukitiririka mchana na usiku bila kukatika, hasa kama uchungu ulikuwa wa muda mrefu, usingoje mazoezi. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo hutibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bure. Vilevile usingoje ukihisi kitu kinashuka ukeni.

Siku ya kumpima mtoto uzito kliniki, mvute muuguzi pembeni, umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Mwambie kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi.